Wanja Usio na Ukingo

Mama Wambui anasema mtu wa miaka thelathini na moja hastaafu, anaacha kazi tu. Kustaafu, kwa maelezo yake, ni kwa watu wenye mvi na magoti mabovu. Magoti yangu ni mazima. Kilichoisha ni subira. Kwa miaka tisa nimeinama mbele ya macho ya watu katika saluni yake, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka ya jumla hapa Xiaobei, mjini Guangzhou, China, na sasa mteja akiniuliza kama jicho hili na lile yamelingana, natamani kumwachia brashi ajipake mwenyewe. Naita kustaafu kwa sababu sina nia ya kurudi.

Nawaandikia ninyi wawili mtakaokalia kiti changu kuanzia Jumatatu. Habari za kupanda cheo sina. Tulikuwa watu wawili na viti vitatu, na kiti cha tatu kilikuwa kibovu. Nina habari za macho, za brashi, na za jambo moja ambalo wateja walilisifu kama ufundi wangu: wanja laini usio na ukingo, unaopakwa kwa rangi ya kope badala ya kalamu. Mmewasikia wakiambiana, "Nenda kwa Tatu, ana mkono mwepesi." Tatu ni mimi. Mkono mwepesi sina. Nina mkono unaotetemeka, na huo wanja laini ndiyo njia niliyoitumia kuuficha mtetemo kwa miaka yote hii. Bora mlijue hilo mapema, maana mengine yote yametoka hapo.

Sikufundishwa na mtu. Nilikuja Guangzhou kusoma biashara, na mekapu nikajifunza bwenini mbele ya kioo cha bafuni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la miswaki, nikiwatazama watu ambao kope zao hazikufanana na zangu wala ngozi yao haikufanana na ngozi yangu. Jicho moja nililirudia mara ishirini. Sitii chumvi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akigonga mlango na kusema, "Tatu, huko ndani ni choo pia." Ubaya wa kujifundisha kwa uso wako ni kwamba unaujua uso mmoja tu. Jicho langu la kulia nililijua kama njia ya kwenda dukani. La mtu mwingine sikuwahi kuligusa hadi siku niliyoanza kazi.

Siku hiyo Mama Wambui, ambaye ni msusi kutoka Nairobi na ndiye mwenye saluni, hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akanipa mteja, mwanamke mfanyabiashara wa viatu aliyekuwa anakwenda kwenye sherehe ya rafiki yake. Akataka wanja wa maji, mweusi, mkali, wenye mkia. Jicho la kulia lilitoka vizuri. La kushoto mkono ukaruka. Nikaongeza kidogo kulia ili yalingane. Kulia kukazidi. Nikaongeza kushoto. Mnajua mwisho wake. Baada ya saa moja na nusu mstari ulikuwa umebakiza safari fupi tu kufika kwenye nyusi, na mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni huku kiyoyozi kikinguruma.

Yule mama akageukia kioo. Akakisogelea.

"Umenipaka ama umenipiga?" akauliza.

Mama Wambui alicheka mpaka akaachia nywele za mtu aliyekuwa anamsuka. Mimi nikaenda kulia kwenye ngazi. Aliponifuata nilidhani anakuja kunifukuza.

"Sasa wewe unalia nini? Uso si wako."

"Mikono inatetemeka, Mama Wambui."

"Nimeona. Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Nikijua mtu ananitazama ndiyo inazidi."

Kisha akarudi ndani na kutoka na paleti ya rangi za kope iliyosahauliwa na mteja, nusu yake imevunjika. Akanionyesha kahawia iliyoiva, karibu iwe nyeusi. "Basi wachana na hiyo wino. Chukua hii unga. Unga haina mstari, hakuna mtu atakuuliza mbona imepinda."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ule mnaouita ufundi wangu: mwanamke aliyechoka, kwenye ngazi, akitaka nirudi kazini kabla mteja mwingine hajaondoka.

Nitawaeleza ninavyofanya, mara moja, kisha msiniulize kwa simu. Kope isafishwe mafuta kwanza. Hapa Guangzhou kuna miezi ambapo kuta zenyewe zinatoa jasho, vigae vinateleza kama vimemwagiwa maji, na chochote kilichopakwa juu ya kope yenye mafuta kitakuwa shavuni kabla mteja hajafika kwenye lifti. Paka konsila, ile krimu ya kusawazisha rangi ya ngozi, kidogo sana, gandisha kwa poda. Brashi iwe fupi, bapa, iliyokatwa mshazari. Ya kwangu ya kwanza niliikata mwenyewe kwa mkasi wa kucha na bado ndiyo bora kuliko zote nilizonunua. Irushie maji kwa chupa ya kupulizia, usiitie mate. Nimewaona mnavyofanya, na macho ya watu si mahali pa mate yenu. Chovya kwenye rangi, kung'uta, kisha usichore. Hapo ndipo watu wote hukosea. Bonyeza. Anzia pembe ya nje, bonyeza kwenye mashina ya kope, rudi ndani kidogo kidogo, mteja akitazama chini kwenye kioo kilicholazwa mapajani. Usimvute ngozi, maana ukiiachia mstari unakunjika. Kabla hakujakauka, pitisha brashi kavu juu yake mara moja ili ukingo ufe. Mara moja. Mimi nilikuwa napitisha mara tisa.

Na rangi isiwe nyeusi. Nyeusi ya unga ikisambaa mtu anaonekana hajalala. Kwa ngozi zetu nataka kahawia yenye zambarau ndani yake, iliyozidi weusi wa ngozi ya mteja kwa hatua mbili, isiyo na mng'ao hata chembe. Kahawia zinazouzwa kama "nzito" nyingi zikifika kwenye kope zetu zinageuka majivu. Ijaribuni dirishani, juu ya kope, msiijaribu kwenye kiganja chini ya taa ya dukani. Kiganja hakidanganyi kwa makusudi, lakini kinadanganya.

Rangi niliyoitaka niliipata baada ya mwaka mzima, katika kibanda cha mwanamke mmoja kwenye soko la vipodozi. Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe. Ilikuwa rangi moja ndani ya paleti ya rangi kumi na mbili. Kumi na moja zilizobaki zilikuwa waridi. Waridi ya mtoto, waridi ya harusi, waridi ya kidonda. Nilimwomba aniuzie kidude kimoja tu cha kahawia.

"Meiyou," alisema, kwa maana hakuna.

"Lakini kipo hapa, laoban," nikamwambia, yaani mwenye duka. "Nakiona."

"Meiyou." Na akaifunga paleti taratibu, kama anayemfunika mtoto.

Basi kwa miaka minane nilinunua rangi kumi na mbili ili nitumie moja. Mtakapofungua droo ya chini msishtuke. Hizo waridi zote ni zangu. Nilishindwa kuzitupa, na hakuna aliyetaka hata kwa bure.

Kila niliponunua paleti mpya nilimuuliza kama kahawia ni ile ile, naye kila mara alijibu, "Yiyang, yiyang," yaani ni sawasawa, hakuna tofauti. Haikuwa sawasawa hata siku moja. Mara imeingia wekundu, mara imekuwa ngumu kama chaki. Nilikuwa narudi na paleti mbili mkononi, ya zamani na mpya, namwekea sokoni chini ya mwanga wa mlangoni. Anazitazama zote mbili kwa makini. Anainua uso. "Yiyang." Nilianza kulisikia neno hilo usingizini. Kwa kumwogopa yeye nikawa naficha vidude vya zamani vilivyobaki kidogo, navibania kama uturi wa bibi harusi.

Wateja nao wana lao. Yupo atakayekuletea picha ya mwigizaji mwenye kope pana kama ukumbi na kukwambia fanya hivi hivi. Yupo atakayesema "paka kidogo tu" kisha, ukipaka kidogo, anauliza utaanza lini. Kuna mmoja alijifuta jicho moja kwa tishu niliposhika simu, akalipaka mwenyewe kwa penseli yake, na nilipogeuka akanilaumu kwamba hayafanani. Lakini sitawadanganya: aliyenichosha zaidi katika saluni ile nilikuwa mimi. Mteja anasema ameridhika, ameshavaa viatu, na mimi nimemshika kidevu nasema subiri, hapa pembeni. Mama Wambui alikuwa akiniambia kutoka kiti chake, bila kugeuka, "Si ulikuwa umemaliza?" Nilikuwa sijamaliza. Miaka tisa sijawahi kumaliza jicho. Macho yalikuwa yananyang'anywa mkononi mwangu.

Jicho gumu kuliko yote lilikuja mwaka huu, katika miezi ile ya kuta kutoa jasho.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Bi Zuhura aliingia akihema, na picha tatu ndogo mkononi. Ni mama wa Unguja, ana umri wa kama miaka hamsini na minane, anauza mapazia. Miaka yote alikuwa akija hapa na mumewe. Yeye anachagua rangi, mume anakagua mzigo. Mume alifariki mwaka jana, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza peke yake. Mapazia yake yalikuwa bado yanashonwa kwenye karakana huko Kangle, karakana ilikuwa nyuma ya ahadi kwa siku kumi, na viza yake ilikuwa inakwisha kesho yake. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa apeleke fomu ya kuongezewa siku. Fomu ilitaka picha, na picha ilitaka kukubaliwa kwanza na mashine ya duka la picha lililo chini ya jengo letu, ambayo ikiridhika inatoa kikaratasi chenye namba. Duka linafungwa saa kumi na mbili jioni. Mashine ilikuwa imeshamkataa mara tatu.

"Yule bwana wa chini kazi yake kunambia bu xing, bu xing, haifai," alisema. "Ushungi haukumshughulisha. Ati macho yangu hayaonekani! Macho haya! Watu wanayaona tangu nizaliwe."

Nilimtazama nikaelewa mashine. Alikuwa amepaka wanja wa manga, wa kusaga, juu na chini, mwingi, na unyevu ulikuwa umeushusha. Katika picha zile macho yalikuwa mashimo mawili meusi.

"Tuuoshe tu, Bi Zuhura," nikasema. "Dakika tano. Upigwe picha, kisha ujipake tena."

Akachukua mkoba wake akasimama.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Wambui, mikono imejaa nywele za mteja. "Mama, ukienda bila picha itakuwaje?"

Bi Zuhura hakuketi, lakini hakuondoka. "N'tarudi nyumbani bila mzigo. Na shemeji zangu wameshasema. Nikirudi mikono mitupu, duka linafungwa, mimi nakaa ndani nilelewe." Neno la mwisho alilitema. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, unaijua eda?"

"Naijua."

"Huijui. Umeisikia. Miezi minne na siku kumi, sina hina, sina uturi, sina wanja. Nikipita mbele ya kioo naona mjane. Siku niliyotoka, kitu cha kwanza nilichotia usoni ni huu." Akatoa mkobani kichupa kidogo cha shaba chenye kijiti chake. "Nikasema, watu hawatauona tena uso huu mtupu. Sasa wewe unataka niuvue nikapigwe picha ya serikali?"

Mimi ni mtu wa Tanga. Eda nilikuwa nimeiona kwetu, kwa shangazi yangu, na sikuwahi kufikiri kuhusu kope zake. Niliona aibu. Nikamwambia kwamba naweza kuutoa huo na kutia mwingine papo hapo, usio na ukingo, ambao mashine itaona jicho na yeye ataona wanja.

"Kwa kitu gani?"

Nikamwonyesha paleti.

"Huu ni wanja au ni vumbi?"

"Ni vumbi, Bi Zuhura. Na wa manga ni jiwe lililosagwa."

Mdomo ukacheza upande mmoja. "Ala. Una ulimi, wewe." Akaketi. "Lakini kigeuze kiti. Sitaki kukiona kioo mpaka uwe umetia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwangu, maana mimi nalinganisha macho kwa kutazama kioo. Bila kioo ni kama kushona bila kuona upande wa pili. Lakini nilimgeuza. Nikamtoa wanja wa manga kwa pamba na mafuta, nikakausha, nikagandisha. Nilifanya haraka. Paleti niliyofungua ilikuwa mpya, ya wiki hiyo. Sikuijaribu dirishani. Mimi! Niliyewaambia ninyi mara mia. Nilikuwa nimeshamuuliza yule mwanamke wa sokoni, naye alikuwa ameshanijibu, na siku hiyo, kwa haraka, nilimwamini.

Saa kumi na nusu tulikuwa chini. Bwana mpiga picha, mtu mzima mwenye miwani juu ya kipaji, akamketisha Bi Zuhura. Taa ikawaka. Kwenye kompyuta kope zikametameta kama magamba ya samaki. Ile kahawia ilikuwa na mng'ao ndani yake, mdogo, usioonekana kwa macho, na taa ya picha ilikuwa imeutafuta wote.

"Bu xing," akasema bwana yule, kwa huruma.

Tukapanda lifti. Nilimsema yule mwanamke wa sokoni kwa Kiswahili na kwa Kichina changu chote, kisha nikajisema mwenyewe. Tulipofika juu nikamsafisha kope upya, kisha nikamwaga droo nzima sakafuni. Chini ya waridi zote nikapata kidude cha zamani, kile kizuri, ambacho nilikuwa nimekibania. Katikati palikuwa bati tupu. Rangi ilibaki kwenye pembe tu, kama ukoko wa sufuria. Nikaikwangua kwa kibanio cha nywele juu ya karatasi. Ilitoka kiasi cha ncha ya kijiko cha chai. Macho mawili, mara moja. Hakukuwa na ya kusahihishia.

Fikirini mtu kama mimi anapewa nafasi moja. Mkono ulitetemeka mpaka brashi ikagonga karatasi.

"Unatetemeka," akasema Bi Zuhura.

"Ni baridi ya kiyoyozi."

"Kiyoyozi kimezimwa."

"Huyo hutetemeka kila siku," akasema Mama Wambui kwa mbali, akiitoboa siri yangu ya miaka tisa kama anayetaja hali ya hewa. "Hata akiwa amekula."

Bi Zuhura akanishika mkono. "Mimi nimepaka wanja bibi harusi wasiopungua mia, na siku hizi mkono wangu hauko mbali na wako. Mbona unauning'iniza hewani? Weka kidole cha mwisho hapa." Akakiweka kwenye mfupa wa shavu lake, chini ya jicho. "Egemea. Zaidi. Mimi siyo yai."

Miaka yote hiyo sikuwahi kuegemea uso wa mteja. Niliogopa kuharibu poda. Nilikuwa nimesimama kwa vidole vya miguu mbele ya kila uso kama mwizi, mkono hewani, halafu nashangaa kwa nini unatikisika. Nikaegemea. Mkono haukutulia kabisa, msidhani ulitulia, lakini ulitikisika pamoja na yeye. Akipumua, tunapumua wote. Nikabonyeza jicho la kulia, pembe ya nje hadi ndani. Lilitoka vizuri. La kushoto, katikati, nikabonyeza mara moja zaidi ya ilivyotakiwa.

Niliona papo hapo. Kushoto kumezidi. Si kwa mengi, kwa unene wa uzi. Karatasi ilikuwa tupu. Nikachukua pamba.

"Unataka kufanya nini hapo?" akauliza Mama Wambui. Alikuwa ameacha nywele na kusimama nyuma yangu.

"Kupunguza kushoto."

"Ukipunguza ikitoka yote?"

Pamba ilikuwa tayari hewani.

"Tatu, zimebaki dakika kumi na mbili. Shika lifti ama nikubebe."

Bi Zuhura akaniondoa pamba vidoleni, akaitia mfukoni mwa baibui lake, akageuza kiti mwenyewe. Akajitazama kiooni. Nilingoja aseme. Aligeuza uso kushoto, akageuza kulia.

"Siyo mjane," akasema. "Twende."

Chini, bwana mpiga picha alikuwa ameshazima taa ya mlangoni. Akaiwasha tena. Bi Zuhura akaketi, akainua kidevu. Mwanga ukapiga. Kompyuta ikafikiri, na nawaambieni kile kiduara kilizunguka kwa muda wa kutosha mtu kutubu. Kisha mashine ikakohoa, ikatoa kikaratasi chenye namba.

Bi Zuhura alikishika kwa mikono miwili. Mimi, ambaye ningepaswa kushukuru, nilikuwa nimeinamia kompyuta. Nikamwonyesha yule bwana jicho hili na lile kwa kidole, nikamuuliza kwa uso kama haoni tofauti. Akashusha miwani. Akatazama kwa makini sana, mtu mwema yule.

"Yiyang," akasema.

Alikosea. Lakini ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa ambapo sikubishana na neno hilo.

Bi Zuhura aliongezewa siku zake. Kesho ya siku ile ya picha, akitoka kupeleka fomu, alikuja saluni moja kwa moja na hakuketi. "Vaa viatu, twende Kangle," aliniambia. "Mume wangu alikuwa mtu wa kufungua kila robota la mzigo. Mimi sina jicho hilo. Mtu anayetaka kufuta kilichokwisha kwa sababu ya uzi mmoja ndiye ninayemtaka kwenye mapazia yangu."

Nilikwenda kumridhisha tu. Katika robota la nne nikakuta pindo linalopanda. Kwa unene wa vidole viwili, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Msimamizi wa karakana akaniambia ni sawa. Nikalitandaza sakafuni, nikampa rula. Tulibishana nusu saa, nikarudisha mapazia yote arobaini ya robota hilo yakashonwe upya, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hakuna aliyelia. Pazia halipepesi macho. Pazia halikuulizi kama limelingana. Unalipima, na kama halikulingana linafumuliwa na kurudiwa mara ishirini, na watu wanakushukuru. Nilirudi Xiaobei siku hiyo nikijua kwamba nimemaliza kazi ya macho.

Mzigo ulifika. Bi Zuhura alinitumia ujumbe wa sauti kutoka dukani kwake, kelele za wateja nyuma, akisema shemeji yake mkubwa amekuja kuchukua mapazia ya sebuleni na hakupunguziwa kitu. Sasa nakagua mizigo yake, na ya wenzake wawili aliowaambia habari zangu. Mama Wambui anasema nimepata kazi ya kulipwa kwa ubishi.

Kiti ni chenu. Brashi niliyoikata kwa mkasi wa kucha nawaachia, ioshwe kila siku. Waridi fanyeni mnavyotaka. Mkiketisha mtu, wekeni kidole cha mwisho kwenye mfupa wa shavu na muegemee, hata kama mikono yenu ni mizima.

Pembeni ya kioo, chini kulia, mtaona picha ndogo ya mama mwenye ushungi. Yule bwana alichapisha nane na fomu ilitaka mbili. Bi Zuhura aliibandika moja pale mwenyewe siku aliyokuja kuaga. Kushoto kumezidi. Kila asubuhi nimeliona, na mara mbili nimejikuta nimeshika pamba yenye mafuta mbele ya picha hiyo. Msiiguse.